GN125 au Boxer 150? Pikipiki ndogo ya sura ya zamani kwenye barabara za Arua

Mpwa wangu ni mkunga. Kituo chake kiko upande wa Maracha, lakini anaishi Arua mjini, kaskazini magharibi mwa Uganda, kwa sababu watoto wake wanasoma hapa. Kwa miaka miwili amekuwa akienda kazini na kurudi kwa boda. Mwezi wa tatu alikuja nyumbani na karatasi aliyoipigia hesabu mwenyewe. "Mjomba," akaniambia, "sente ninazowapa watu wa boda kwa mwaka mmoja na nusu zinanunua pikipiki. Nataka yangu sasa. Lakini napenda yenye sura kama hii ya kwako, sio ya boda. Niambie ukweli, nitajuta?"

Nilimwomba anipe muda kabla ya kumjibu. Nina Suzuki GN125 kwa mwaka wa sita sasa, naipenda, na wahenga walisema mtu akipenda, chongo huita kengeza. Shemeji yangu ana Bajaj Boxer BM150 anayopelekea bidhaa Rhino Camp. Tukabadilishana kwa wiki tatu: yeye akaichukua GN, mimi nikaichukua Boxer, kila mtu akafanya shughuli zake za kila siku. Mengi ninayoandika hapa yametoka kwenye wiki hizo tatu, na mengine kwenye miaka yangu sita ya kufungua, kufunga na kusukuma.

Kwanza tuelewane tunaposema sura ya zamani. Ni tangi la mviringo lililochongoka nyuma kama tone la maji, taa ya mbele ya duara, geji mbili za duara, kromu kwenye madigadi, usukani mrefu uliopinda kumfuata dereva, na kiti chenye ngazi, dereva chini na abiria juu. Suzuki walipoitoa GN125 mwaka 1982 hawakuwa wakitafuta kitu cha kizamani. Walikuwa wakifuata mtindo wa Kimarekani uliopendwa wakati ule. Dunia ikaendelea na mitindo mingine, yenyewe ikabaki vilevile, na viwanda vya China, Haojue na vingine, vikaendelea kuitengeneza au kuiga mwili wake na injini yake. Hii ni pikipiki iliyozeeka bila kubadilika. Zipo nyingine zilizozaliwa juzi na kuvishwa nguo za babu, kama Royal Enfield Hunter 350 iliyotoka 2022, au Yamaha XSR155. Kwa macho ni ndugu. Ukifungua kiti ukatazama nyaya, utaona si ndugu kabisa, na hilo nitalirudia.

Ukubwa na uzito

Hapa ndipo pikipiki hii ndogo inaposhinda waziwazi, na ndipo wanunuzi wengi hawatazami. Watu hutazama tangi.

Kiti cha GN125 kiko milimita 735 kutoka ardhini. Uzito wake bila petroli wala oili ni kilo 107 hivi. Jumapili moja nilimpeleka mpwa wangu kwenye uwanja wa shule, pikipiki zote mbili zikiwa zimesimama kando kwa kando. Yeye ni mfupi, futi tano na inchi moja. Alipokaa kwenye GN, nyayo zote mbili zilitua chini, visigino na vidole. Akairudisha nyuma kwa miguu bila kushuka, akazunguka mti wa mwembe, akasimama. Kisha akapanda Boxer. Vidole ndivyo vilivyogusa, na ilibidi ainamishe pikipiki upande mmoja ili mguu wa kushoto ushike ardhi vizuri. Pale uwanjani penye majani makavu hapakuwa na tabu. Lakini nilimwambia afikirie kituo cha mafuta chenye utelezi, au asubuhi ya mvua mbele ya geti la kituo chake ambapo udongo ni ule mwekundu unaoteleza kama sabuni, mgongoni amebeba mkoba wa kazi. Watu wengi wanaoanguka na pikipiki siku za mwanzo huanguka wakiwa wamesimama au wakigeuza, na mguu usiofika chini ndio unaowaangusha.

Jambo la pili ni dogo ila lilimsaidia sana. Kwenye geji za GN kuna namba inayowaka kuonyesha uko gia ya ngapi. Mwanafunzi hapotei. Anajua kama yuko kwenye tatu au nne, na taa ya kijani ya fri, yaani pikipiki haiko kwenye gia yoyote, inamwambia lini aachie klachi. Boxer ya shemeji haina namba hizo. Kwa upande wake, ina pedali ya gia ya kukanyaga mbele na nyuma, kwa hiyo gia hupandishwa na kushushwa kwa kukanyaga tu. Kwenye GN unainua kwa mgongo wa kiatu. Kiatu changu cha kushoto cha kazini kina doa jeusi ambalo rangi haifichi, na mtu anayevaa viatu vyeupe hospitalini ajue hilo mapema.

Ukaaji pia ni tofauti. Usukani wa GN unakuja kwako, mgongo unanyooka, mabega yanatulia. Nina umri wa miaka 51, na baada ya kwenda Koboko na kurudi, kilomita kama 110, nashuka nikiwa mtu. Kwenye Boxer unaegemea mbele kidogo na uzito fulani unaenda mikononi. Shemeji ana miaka 29, yeye hakuona tofauti.

Abiria na mizigo

Hapa Boxer inashinda, tena kwa mbali, na kosa la GN ni kiti kile kile kinachoifanya ipendeze.

Kiti cha Boxer ni kirefu na kimenyooka. Anakaa dereva, anakaa abiria, na akina mama wetu wanaovaa gomesi au kitenge cha kubana wanakaa upande bila shida. Kiti cha GN kina ngazi. Abiria anapanda juu ya kamto kafupi. Akikaa kwa kutanua miguu ni sawa, kuna chuma cha kushika nyuma. Akikaa upande, nyonga zake haziingii kwenye nafasi ile, anaanza kuteleza kuelekea nje kila ukishika breki. Mama yangu mzazi alipanda GN yangu mara moja tu, kutoka msikitini hadi nyumbani, na tangu siku hiyo huniambia nimwitie boda.

Magunia ni hadithi fupi: usijaribu. Boxer ilitengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, na fundi yeyote wa kuchomelea mjini ameshatengeneza keria za Boxer nyingi kiasi kwamba ana vipimo kichwani. Ya GN atakuja kupima na kamba. Lakini keria ndogo ya nyuma inawezekana, na kisanduku cha baridi cha chanjo kinakaa vizuri juu yake ukikifunga kwa mpira. Mpwa wangu alihitaji hicho tu.

Kwa hiyo kama unanunua ili ikulipe, yaani ubebe watu na mizigo kutwa, acha kusoma na ukachukue Boxer au TVS. Neno boda lenyewe lilianzia mipakani, Busia na Malaba, enzi za baiskeli miaka ya 1960, na kazi ile tangu mwanzo ni ya kubeba. Sijaona mtu wa stegi, kituo cha boda, hapa Arua aliyedumu na pikipiki yenye kiti cha ngazi. Ama anabadilisha kiti, ama anabadilisha pikipiki.

Lami, marram na tope

Barabara ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ina lami. Juu ya lami ile GN ni raha tupu. Inatulia, inapinda kwa upole, na gurudumu la mbele la inchi 18 linapita mashimo madogo bila kelele. Kwenye 70 au 75 kwa saa unaweza kusikia ndege. Ukivuka 85 inaanza kutetemeka kwenye usukani na kwenye vikanyagio, na vioo vinakuonyesha ukungu badala ya gari lililo nyuma yako. Inaweza kufika 100, ila haina furaha huko.

Injini hizi mbili zinakaribiana kwa nguvu za juu, kila moja ina nguvu za farasi kama 11 hadi 12. Tofauti ni wapi zinapatikana. Injini ya Boxer ni ya sisi (cc, yaani ujazo wa injini) 144.8, nayo inatoa nguvu zake za juu ikizunguka mara 7,500 kwa dakika, na mvuto wake mkubwa unakuja mapema, kwenye 5,000. GN ni ya sisi 124 na lazima uizungushe sana, karibu 9,000, ndipo ikupe zote. Maana yake ni kwamba ukipanda kilima na abiria, kwenye Boxer unabaki gia ya nne na inavuta. Kwenye GN unarudi ya tatu, injini inalia, unafika. Haikuachi njiani, ila lazima uendeshe kwa masikio.

Marram, yaani barabara ya changarawe na udongo, ndiyo inayoiumbua GN. Wiki ya pili ya kubadilishana, shemeji alipanda GN kwenda Rhino Camp, barabara ambayo changarawe yake imejipanga mawimbi mawimbi kama ubao wa kufulia. Alirudi jioni amenuna. Shokapu za nyuma za GN ni fupi, gurudumu la nyuma ni dogo, inchi 16, na nene, na ekzosi imekaa chini. Kila wimbi linafika kiunoni. Alisema baada ya nusu saa vidole havikuwa vyake. Nati moja ya digadi ya nyuma ilikuwa imedondoka, na kibati cha namba kilikuwa kinaning'inia kwa boliti moja. Boxer kwenye njia ile ile inaruka juu ya mawimbi, ina nafasi zaidi chini ya tumbo, na magurudumu yake ya inchi 17 yanafanana mbele na nyuma.

Tope lina shida yake ya pekee. Digadi ya mbele ya GN iko karibu sana na tairi. Ule udongo wetu mwekundu unaingia katikati, unajaa, unakauka, na gurudumu linakataa kuzunguka. Nimewahi kusimama chini ya mvua nikichokonoa kwa kijiti, mita hamsini kutoka nilipochokonoa mara ya kwanza. Wenzetu wa Boxer wanaokaa vijijini huinua digadi au huitoa kabisa, na ya GN unaweza kuitoa pia, lakini ukiitoa umetoa nusu ya uzuri ulioulipia.

Breki nitazitaja kwa sababu ya mpwa wangu. GN yangu ina diski mbele na dramu nyuma. Boxer ya shemeji ina dramu kotekote. Kwenye lami diski inasimamisha pikipiki kwa vidole viwili, na ng'ombe akikatiza barabara utashukuru. Kwenye changarawe iliyolegea vidole hivyo viwili vinafunga gurudumu la mbele kabla hujamaliza kusema "mama", na uko chini. Dramu ni nzito, inamsamehe mtu anayejifunza. Nilimfundisha mpwa wangu kwenye marram kuanza na breki ya mguu, mbele aguse tu, na tulirudia hilo jioni nne mfululizo hadi mguu ukajua wenyewe.

Siku isiyo na kiki

Kasoro inayoniuma kuliko zote haionekani kwenye picha. GN nyingi, pamoja na yangu, hazina kiki, ile pedali ya kuwashia injini kwa mguu. Ni stata ya umeme tu. Betri ikifa, pikipiki ni chuma.

Mwaka wangu wa pili nilibadilishiwa regyuleta, kifaa kinachosimamia umeme unaochaji betri, kwa fundi mmoja, akaniwekea ya bei nafuu akanihakikishia ni sawa na ile ya mwanzo. Miezi miwili baadaye, saa mbili usiku, karibu na Maracha, taa ikaanza kuwa ya manjano, kisha nyekundu kama kaa la moto, kisha injini ikazima. Nilikuwa na mwanafunzi wangu mgonjwa nyuma namrudisha kwao. Nikabonyeza stata, ikatoa sauti moja tu, tak. Tukasukuma. Kwa bahati kulikuwa na mteremko. Nikaweka gia ya pili, nikakimbia nayo, nikaachia klachi, ikawaka, ikaenda mita mia mbili, ikafa tena. Tulisukuma hivyo hadi tukamwona mzee mmoja mwenye duka aliyetupa mkeka na chai, na asubuhi nikanunua betri ya mtu. Regyuleta ile ilikuwa haichaji hata kidogo.

Boxer ina kiki. Ukiwa na betri mbovu kabisa bado unakanyaga na kwenda nyumbani. Kwa mtu anayetembea usiku, na wakunga hutembea usiku, hili si jambo la kupuuzia. Zipo pikipiki za ukoo wa GN kutoka China zenye kiki na stata pamoja. Nilimwambia mpwa wangu: hiyo ndiyo utakayoitafuta, na ukikosa, subiri.

Spea

Ukinunua Boxer hapa Arua, umenunua pia kila duka la spea na kila fundi aliye chini ya mti kuanzia Pakwach hadi Moyo. Kebo ya klachi, plagi, cheni, sproketi, breki za nyuma, vyote viko hata kwenye vituo vya biashara vyenye maduka matatu. Fundi anaifungua huku anaongea na simu. Sijui pikipiki nyingine inayokupa amani hiyo, na mwenye haraka ya kazi aihesabu kama sehemu ya bei.

GN si yatima, lakini ndugu zake lazima uwajue kwa majina. Injini za kichina za sisi 125 ziko za namna mbili kubwa. Moja imetokana na Honda CG125 ya miaka ya 1970, ambayo Honda waliitengeneza makusudi kwa nchi ambako pikipiki inafanya kazi ngumu na oili haibadilishwi kwa wakati. Valvu zake zinasukumwa na vijiti. Nyingine imetokana na GN, na valvu zake zinaendeshwa na kemu, mhimili wenye vinundu ulio juu kwenye hedi (kichwa cha injini), inayozungushwa na cheni ndogo ya ndani. Kwenye bloku ya injini utakuta namba: mara nyingi 156FMI ni ya vijiti, 157FMI ni ya cheni, ila usiamini namba pekee. Pistoni, gasketi na hedi haviingiliani. Nimewahi kuuziwa gasketi ya hedi "ya 125" na kijana aliyeapa kwamba 125 ni 125. Nikarudi nayo jioni, nikampelekea ile mbovu ikiwa mfukoni, tukaziweka moja juu ya nyingine kwenye kaunta, matundu hayakukutana. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani kwenda kununua spea bila kubeba kile kibovu mkononi.

Ukishajua hivyo, maisha yanakuwa mepesi. Spea nyingi za ukoo wa GN zinapatikana mjini, na nyingine huvushwa kutoka Kongo. Usizotegemea kupata ukiwa njiani ni tairi ya nyuma ya 3.50-16 na tyubu yake. Mimi hukaa na tyubu moja nyumbani na nyingine chini ya kiti. Pancha ya kawaida inazibwa popote, ila tyubu ikipasuka mdomo, kwenye njia ya kijijini, hakuna duka litakalokusaidia. Vilevile kebo ya klachi ya GN ni ndefu kwa sababu usukani ni mrefu, na ya Boxer haifiki. Nimeijaribu.

Kimatunzo, injini ya vijiti husamehe uzembe zaidi, na ya Boxer imezoea shida. Ya GN inataka oili. Inabeba chini kidogo ya lita moja, ndogo sana, na kemu yake iko juu kabisa ambako oili hufika mwisho. Ukichelewa, kemu na tapeti ndizo zinazolipa. Mimi hubadilisha kila kilomita 1,500, kichujio cha karatasi kila ya pili, na katika miaka sita sijafungua hedi ila kwa gasketi ile niliyoitaja. Cheni ya ndani ikianza kulia kama mtu anayetingisha sarafu kwenye kopo, usiongeze sauti ya redio. Ipeleke.

Mafuta

Hapa hakuna ugomvi mkubwa. Mimi na shemeji tulijaza matangi hadi shingoni, tukaenda Koboko pamoja tukiwa kwenye 65, tukarudi, tukajaza tena kwenye pampu ile ile. GN ilikunywa lita 2.7, Boxer 2.5. Tangi la GN linabeba lita 10.3, la Boxer 11. Kwa safari ya Maracha, mpwa wangu atajaza mara moja kwa wiki na kusahau.

Vipi zile mpya zenye sura ya zamani?

Mpwa wangu alinionyesha picha ya Royal Enfield kwenye simu yake. Nikamwelewa, ni nzuri mno. Jina hilo limetengeneza pikipiki tangu 1901, kwanza Uingereza, na tangu miaka ya 1950 India. Classic 350 ya sasa ina sisi 349, nguvu za farasi 20, na mvuto wa chini ambao Boxer haiuoti. Kwa mtu anayekwenda Kampala mara kwa mara, karibu kilomita 500, akipitia Pakwach na Karuma huku mabasi yanampita na upepo wake, pikipiki nzito iliyotulia ni usalama.

Lakini Classic 350 ina kilo 195. Hunter 350, ndogo yake, ina 181. Ikilala kwenye tope, mkunga peke yake haiinui. GN yangu mpwa wangu aliinua mwenyewe siku ya tatu ya mafunzo, kwa kuipa mgongo na kusukuma kwa miguu, na alijivuna wiki nzima. Halafu kuna suala la ndani. Hizi hazina kabureta, mafuta hupulizwa ndani ya injini kwa umeme, zina sensa, zina breki zinazosimamiwa na kompyuta. Ni vitu vizuri, breki hizo, ziitwazo ABS, kwenye lami yenye maji zinaokoa watu. Ila kabureta ya GN ikichafuka, fundi wangu anaifungua kwa bisibisi moja, anaisafisha kwa petroli kwenye kifuniko cha kopo, anairudisha, dakika arobaini. Sensa ikifa Koboko, unapanda lori na pikipiki yako. Mwenye gari nyumbani na anayetaka pikipiki ya Jumamosi, anunue Enfield kwa furaha. Anayetegemea pikipiki moja kufika kazini Jumatatu, asinunue bado.

Mambo ya watu

Ukiwa juu ya Boxer, hata umevaa koti na tai, utapungiwa mikono njia nzima. Wiki zile tatu nilisimamishwa na wateja zaidi ya nilivyosalimiwa. Siku askari wa barabarani wakifanya msako wa boda, unasimamishwa pamoja nao na unaanza kujieleza. Kwenye GN naonyesha kibali cha daraja A na karatasi, tunasalimiana, napita. Kwa mwanamke anayeendesha peke yake, mpwa wangu aliona hilo ni jambo kubwa, nami sikubishana naye.

Kwenye kuuza, Boxer inauzika siku hiyo hiyo, kwa bei ambayo kila mtu anaijua. GN inasubiri mtu wake, wiki au miezi. Kwenye wizi mambo yanageuka. Boxer iliyoibwa inayeyuka katikati ya wenzake elfu. GN yangu nyekundu, kila mtoto wa mtaa wa Oli anajua ni ya mwalimu.

Nilichomwambia

Nilimwambia hivi: wewe una kilomita zako za lami kila siku, mzigo wako ni mkoba na kisanduku cha baridi, hubebi abiria isipokuwa mtoto wa shule, na miguu yako inafika chini kwenye moja tu kati ya hizi mbili. Chukua yenye sura ya zamani. Kama wangekuhamisha kwenda kituo cha ndani, njia ya marram kutwa, ningekuambia uchukue Boxer na tukushonee kiti cha chini zaidi, na nisingesita.

Tukapata moja ya kichina, ukoo wa GN, iliyotumika miaka mitatu, yenye kiki. Kabla ya kutoa hela tulifanya haya. Tuliikuta baridi, nikagusa injini kuhakikisha mwenyewe hajaiwasha kabla hatujafika. Tulichomoa fyuzi ya betri, mpwa wangu akaiwasha kwa kiki, mara ya tatu ikawaka. Tukarudisha fyuzi, nikashika mita kwenye betri injini ikizunguka, ikasoma volti 14.1, nikakumbuka usiku ule wa Maracha. Nikasikiliza upande wa cheni ya ndani, kimya. Nikaangalia chini ya tangi, kwenye mshono wa mbele, maana matangi haya yenye umbo la tone hukusanya maji pale na kutoboka kwa kutu. Palikuwa na alama ndogo ya rangi mpya, nikaikwaruza kwa ukucha, bati lilikuwa zima. Namba ya chesisi tukailinganisha na logibuku herufi kwa herufi. Mwenye nayo akapunguza kidogo kwa sababu ya tairi ya nyuma, iliyokuwa imeisha katikati.

Tairi ile ilituchukua Jumamosi mbili kuipata. Ikaja kutoka Kampala, imefungwa juu ya keria ya basi. Mpwa wangu aliifuata mwenyewe kituoni, kwa boda, akaishika mapajani hadi nyumbani.